Kulabu Ukutani: Makumbusho ya Magudi ya London

Miongoni mwa majumba ya makumbusho ya London, ambayo ni mengi na aghalabu ni ya fahari, limo moja ambalo mtu wa mwambao hana budi kulisoma kama asomavyo utenzi wa kale: akiangalia nani ametajwa, nani amepitwa, na ubeti upi umekatwa kabla haujatimia. Nalo ni jumba la historia ya magudi ya jiji hilo, lililofunguliwa mwaka 2003 ndani ya bohari kongwe la ukingo wa West India, upande wa mashariki. Jina lake limebadilishwa zaidi ya mara moja. Tangu 2024 linaitwa London Museum Docklands. Kuingia ni bure, na pengine hiyo ndiyo sababu watoto wa skuli ni wengi humo kuliko watu wazima.

Neno gudi katika bandari za mwambao humaanisha zaidi mahali chombo kinapoingizwa kutengenezwa. Magudi ya London yalikuwa jambo jingine: mabwawa makubwa yaliyochimbwa kando ya mto Thames, yakafungwa kwa malango ya maji, ili meli zielee humo bila ya kujali maji kujaa wala kupwa. Lile la West India lilifunguliwa Agosti 1802. Kabla yake meli zilizotoka visiwa vya Karibi zilitia nanga katikati ya mto, zikingoja wiki kadhaa kupakuliwa kwa tishali, na kila usiku sehemu ya shehena ikipotea mikononi mwa wezi. Wafanyabiashara wa sukari wakalalamika, Bunge likawasikiliza, na kampuni yao ikapewa haki ya miaka 21 kwamba mazao yote ya Karibi yaingiayo London, yaani sukari, ramu, kahawa na mengineyo, yapakuliwe hapo na si kwengine. Ukuta wa kimo cha mita sita hivi ukazungushwa. Mabohari tisa yakajengwa upande wa kaskazini. Mengi yao yaliteketea kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1940. Mawili yamesalia, na moja ndilo hili.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutazamwa humu si chochote kilichowekwa ndani ya kabati la kioo. Ni jengo lenyewe. Dari zake ni za chini, nguzo zimepangwa kwa safu, sakafu ni za mbao nene zilizokusudiwa kubeba mapipa na si kukanyagwa na wageni, na madirisha yake madogo yana vyuma. Mgeni hupandishwa kwanza hadi ghorofa ya tatu, kisha hushuka chini polepole, karne kwa karne, mpaka atokee mlangoni. Huo ndio mpango wa waliolitengeneza jumba, nao ni mpango mzuri, kwani shehena nayo ilikwenda hivyo hivyo: ikipandishwa kwa winchi, ikangoja juu, kisha ikashushwa siku ya kuuzwa.

Hapo ghorofa ya tatu ndipo ilipo sehemu iliyolipa jumba hili heshima yake, nayo ndiyo inayostahili kuhojiwa zaidi. Ilifunguliwa Novemba 2007, miaka mia mbili baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na mada yake ni London, sukari na utumwa. Kabla ya hapo jumba hili, lililo ndani ya bohari la sukari, lilikuwa limekaa miaka minne na kitu bila ya kuwa na sehemu maalumu ya kueleza sukari hiyo ililimwa na nani. Kosa hilo lilirekebishwa, na lilirekebishwa kwa ujasiri. Mgeni anayeingia hukabiliwa na orodha ndefu ya meli zilizotoka London kwenda kununua watu katika pwani za Afrika: jina la meli, jina la nahodha, mwenye mali, na idadi ya watu waliopakiwa. Hakuna pambo. Hakuna sauti ya huzuni inayopigwa kwa zumari. Ni orodha tu, kama ile ya karani wa forodha.

Mwenye mazoea na ushairi ataona mara moja nguvu ya orodha hiyo na pia upungufu wake. Nguvu yake ni takriri: jina baada ya jina, safari baada ya safari, mpaka mtazamaji achoke, na uchovu huo ndio maana yenyewe. Upungufu wake ni kwamba takriri hiyo imeazimwa kutoka kwa wenye meli. Chombo kina jina. Nahodha ana jina. Tajiri ana jina, na mmoja wao, George Hibbert, aliyekuwa kiongozi wa kampuni ya gudi, ana hata sura, kwani picha yake iliyochorwa na Thomas Lawrence imo humu, akiwa amesimama katika utulivu wa mtu asiyedaiwa. Waliopakiwa wana tarakimu. Makumbusho hayakuwavua majina. Waliwavua wenye meli, na makarani hawakuyaandika. Wako waliojisemea wenyewe, kama Olaudah Equiano aliyechapisha kisa cha maisha yake mjini London mwaka 1789, lakini ni wachache mno kwa walioingia katika hesabu ile. Lawama inayoweza kuelekezwa kwa waandalizi ni ndogo kuliko hiyo, nayo ni ya kifani zaidi: walipokuwa na tarakimu tupu mkononi, waliiacha isimame sawasawa na jina, kwa ukubwa ule ule wa hati na rangi ile ile. Mshairi angejua kuacha mahali patupu. Angeacha mshororo mweupe hapo ambapo jina lingekaa, na msomaji angeusoma.

Nje ya mlango palikuwa na jambo jingine. Robert Milligan, mfanyabiashara wa Kiskoti aliyekuwa mmoja wa waasisi wa gudi, alifariki mwaka 1809 akiwa na mashamba mawili Jamaica na watumwa 526. Wenzake wakamtengenezea sanamu ya shaba. Iliwahi kuhamishwa, ikaondolewa wakati wa vita vikuu vya pili na kuhifadhiwa, na si watu wa karne ya 19 walioirudisha ukingoni bali wa mwaka 1997, walipokuwa wakilipamba eneo kwa ajili ya mabenki na mikahawa. Hivyo kwa miaka kumi na mitatu, kuanzia 2007, kuta za ndani zilisema neno moja na sanamu ya nje ikasema jingine, na umbali baina yao ni hatua chache. Sanamu iliondolewa tarehe 9 Juni 2020, siku mbili baada ya waandamanaji wa Bristol kumtupa majini Edward Colston. Ni vigumu kukubali kwamba jumba lenye elimu kama hii lilihitaji kelele za barabarani ili lile lililoandikwa ghorofa ya tatu lifike mlangoni. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Msomaji wa visiwani asifanye haraka kuwacheka. Katika sehemu hiyo hiyo imewekwa meza ambayo Thomas Fowell Buxton na wenzake waliitumia walipoandaa sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza, iliyopitishwa mwaka 1833. Ni meza ya kawaida, na mbele yake watu huteremsha sauti. Sheria iliyozaliwa hapo ililipa fidia ya pauni milioni 20. Walilipwa waliowamiliki watu. Waliomilikiwa hawakulipwa kitu, na wengi wao walilazimishwa kuendelea kufanya kazi pale pale kwa miaka kadhaa kwa jina la uanagenzi. Mwaka 1897, Sayyid Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba chini ya shinikizo la Uingereza, mfano ulikuwa huo huo: mwenye karafuu alilipwa, na aliyezichuma alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake mbele ya hakimu. Meza ya London na karatasi ya Unguja zina hati moja, ingawa zimepishana kwa zaidi ya miaka sitini.

Uhusiano wa karibu zaidi kati ya mwambao na magudi haya, hata hivyo, hauko katika sukari. Uko katika pembe. Jumba hili ndilo mhifadhi wa kumbukumbu za Mamlaka ya Bandari ya London, iliyoundwa mwaka 1909, na katika hazina hiyo zimo picha za sakafu ya pembe za ndovu katika gudi la London: ukumbi mpana, pembe zimelazwa chini kwa safu, nyengine ndefu kuliko mtu, na wanaume wenye kofia wakipita katikati yake kama wapitao shambani. Pembe zilizotoka bara zilishushwa Bagamoyo na Pangani, zikavushwa hadi Unguja, zikapimwa kwa frasila, kisha zikaelekea Bombay, Marekani au London, ambako ziligeuzwa vitufe vya piano, mipira ya biliadi na vipini vya visu vya mezani.

Picha hizo ni nzuri, na uzuri wao ndio mtihani. Mpigapicha aliona umbo. Alipanga mwangaza ushuke juu ya mipindo ya pembe, ikawa kama mawimbi yaliyoganda. Mtu anayetoka Unguja ataona jambo ambalo mpigapicha hakuwa na njia ya kulionesha, yaani mabega. Hapa pia inafaa kusahihisha kauli inayorudiwa ovyo, hata na watu wa mwambao wenyewe, kwamba pembe zote zilibebwa na watumwa waliofungwa minyororo. Wapagazi wa misafara wengi wao walikuwa watu wa ujira, na mashuhuri kuliko wote walikuwa Wanyamwezi, waliokuwa na fani ya kazi yao, viongozi wao, nyimbo zao za njiani na fahari yao juu ya uzito ambao mtu mmoja aliweza kuubeba. Kumwita kila mpagazi mtumwa ni kumnyang'anya kazi yake mara ya pili. Sakafu ya pembe ya London ni mwisho wa safari iliyoanza na watu hao, na jumba la makumbusho ya magudi lingetajirika lau lingewafuata hadi Tabora.

Ghorofa ya pili ina kitongoji cha mabaharia, kilichojengwa upya kama kilivyodhaniwa kuwa katikati ya karne ya 19: vichochoro vyenye giza, kilabu cha pombe, nyumba ya kulala wageni, duka la wanyama wa mbali. Watoto hukipenda mno. Kimetengenezwa kwa ustadi wa jukwaani, na hitilafu yake ni ya jukwaani vilevile, kwani umasikini ukitiwa taa za kutosha hugeuka kuwa mandhari. Njia ya kutoka kwenye udanganyifu huo iko karibu sana. Mwaka 1857, katika barabara ya West India Dock Road, ilifunguliwa nyumba ya kuwapokea mabaharia wageni, Waasia, Waafrika na watu wa visiwa vya Bahari ya Kusini, kwa kuwa walikuwa wakiachwa London bila ya chombo wala nauli, na baadhi yao wakifa mitaani kwa baridi. Unguja nayo ilikuwa bandari ya kuajiria watu: wanamaji wa Kiingereza waliwachukua humo makasia na wachochea moto, wakiwaita kwa jina la jumla la Sidi. Kichochoro cha kuigiza kinaweza kumfanya mtoto acheke kwa woga. Anwani moja ya kweli ingemfanya atoke nje akaitafute.

Kisha inakuja sehemu ya wafanyakazi, na hapo jumba linasimama imara. Neno kibarua, kama wajuavyo wapenzi wa lugha, lilikuwa jina la karatasi kabla ya kuwa jina la mtu: ni barua ndogo, kipande alichopewa mfanyakazi wa siku kuthibitisha kwamba amefanya kazi. Makuli wa London hawakuwa na neno hilo, lakini walikuwa na hali hiyo. Kila asubuhi walikusanyika langoni, msimamizi akasimama mbele yao, akachagua. Waliochaguliwa waliingia, pengine kwa saa moja au mbili tu; waliobaki walirudi nyumbani na njaa yao. Agosti 1889, kutokana na ugomvi juu ya malipo ya kupakua meli moja iitwayo Lady Armstrong katika gudi la kusini la West India, wakagoma. Walidai peni sita kwa saa badala ya tano, na kwamba mtu akiitwa kazini asiitwe kwa chini ya saa nne. Ben Tillett, Tom Mann na John Burns waliongoza maandamano hadi katikati ya jiji. Fedha zilipokwisha na watoto wakaanza kulala bila kula, msaada wa zaidi ya pauni 30,000 ulifika kutoka kwa watu wa Australia, ambao wengi wao hawakuwahi kuiona Thames. Katikati ya Septemba peni sita ilipatikana.

Miaka 59 baadaye, katika miezi hiyo hiyo ya Agosti na Septemba, makuli wa bandari ya Unguja walisusia kazi kwa sababu zinazofanana sana, ujira usiolingana na bei ya chakula, na mji mzima ukawafuata katika mgomo wa 1948. Mombasa ilikuwa imetangulia mwaka 1939 na tena Januari 1947. Mgomo wa London una picha, bendera za chama na sehemu yake katika jumba la matofali. Mgomo wa Unguja uliingia katika riwaya: Kuli ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979, na kwa wasomaji wengi wa Kiswahili hiyo ndiyo makumbusho pekee ya gati waliyowahi kuitembelea. Kulinganisha viwili hivi si dhuluma kwa upande wowote. Jumba lina vitu vya kweli na watu wake aghalabu hawana majina. Riwaya ina watu wenye majina, nyumba, mama na maradhi, nao ni wa kubuni. Katika kabati la kioo kulabu ya kuli wa London imetundikwa ikiwa safi, na maelezo yanasema ilitumika kuvutia magunia. Katika riwaya uzito wa gunia hauelezwi kwa ratili. Unaelezwa kwa mtu anayerudi nyumbani. Mwenye kuvisoma vyote viwili atajua kulabu ile ilikuwa ikikwaruza wapi.

Hapana budi kukiri kwamba jumba hili halikunyamaza kabisa. Lina hazina ya sauti zilizorekodiwa za watu waliofanya kazi magudini, na mgeni mwenye subira anaweza kusikia lafudhi ya mashariki ya London ikisimulia vumbi, utani na ajali. Kinachokosekana ni kazi yenyewe ikisikika. Mwambao unalijua jambo hili kuliko wengi. Mzigo mzito haukunyanyuliwa kimya: kulikuwa na mwimbishaji na waitikiaji, na mwito wa harambee, kabla haujawa kaulimbiu ya taifa la Kenya mwaka 1963, ulikuwa mwito wa wanaume wanaovuta kitu kilichokataa kwenda. Mizani ya wimbo wa namna hiyo haikutungwa kwa ajili ya sikio tu. Ilipima pumzi, ikawapangia watu kumi wakati mmoja wa kukaza mgongo. Mabaharia wa Kiingereza nao walikuwa na nyimbo zao za kuvutia kamba na kuzungushia nanga. Jumba la magudi lililojaa mizani za kupimia sukari lingeweza kutenga chumba kimoja kwa mizani ya aina hiyo, na wapenzi wa ushairi wasingetoka humo mapema.

Sehemu za mwisho hupitiwa upesi, labda kwa sababu miguu imechoka, labda kwa sababu hadithi imekuwa ya kisasa mno. Mabomu ya 1940. Kisha makontena, yaliyohitaji meli kubwa, maji ya kina na watu wachache, na ambayo yaliipeleka shehena Tilbury, karibu na bahari. Gudi moja baada ya jingine likafungwa, West India mwaka 1980 na yale ya Royal mwaka 1981. Mwaka huo huo serikali iliunda shirika la kuliendeleza eneo, na kufikia 1991 mnara wa Canary Wharf, wenye kimo cha mita 235, ulikuwa umesimama pale mapipa yalipokuwa yakiviringishwa. Waandalizi wameyaeleza haya kwa adabu, tena kwa adabu iliyozidi kidogo. Familia za makuli zilizopoteza kazi katika mwongo huo bado zina watu walio hai mtaani, na mgogoro wao na minara ile umepewa nafasi ndogo kuliko duka la wanyama la kitongoji cha mabaharia.

Unguja, Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883 lililokuwa makumbusho na kuuweka mtepe ukumbini, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu waliokuwa wakilikarabati. Liko mbele ya Forodhani, hatua chache kutoka gati ya Malindi. Watakaopanga tena vitu vyake siku moja watakuwa na fahari nyingi za kuonesha, viti vya enzi, saa na milango ya nakshi. Katika kazi hiyo jumba la London linaweza kuwafaa, pamoja na makosa yake: linaonesha namna ya kuipa kulabu, pipa na daftari la karani heshima ile ile inayopewa kiti cha mfalme. Kata ya kichwani aliyoivaa mpagazi na ubao wa tishali havijapata kabati popote panapostahili.

Nje ya bohari la West India, kreni mbili tatu za zamani zimeachwa ukingoni kama kumbukumbu. Zimepakwa rangi, na mikono yao imenyooka juu ya maji. Chini yake wafanyakazi wa mabenki hula chakula cha mchana, na mahali aliposimama Milligan hupitwa bila ya kuangaliwa.